Bibi Bado Kuambiwa

Siri ile ilijulikana na watu wawili tu. Mmoja alikuwa Nurjehan, bibi wa miaka themanini na moja, mzaliwa wa Mwanza, mjane wa Bahadur, aliyekaa ghorofa ya kumi na moja katika jengo la Thorncliffe Park linalotazama bonde la mto Don. Wa pili alikuwa Godelive, binti wa miaka ishirini na mbili aliyekuja kumhudumia kila siku isipokuwa Jumapili. Siri yenyewe ni kwamba Bibi Nurjehan alikuwa haoni tena.

Si kwamba alikuwa gizani kabisa. Pembeni aliona, na mtu akipita mlangoni alimjua kwa kivuli. Lakini katikati, pale jicho linapotua, palikuwa pamefutika.

"Ni kama mtu ananiwekea kidole gumba juu ya kila ninachokitaka," alimwambia Godelive majira ya baridi, walipotoka kwa daktari. "Nikikutazama nakuona masikio tu. Sasa sikia, binti. Nadim asijue. Akijua, mwezi hauishi kabla sijapakiwa kwenye ndege."

Nadim alikuwa mwanawe wa pekee, na aliishi Calgary, saa nne kwa ndege. Tangu msiba wa baba yake alikuwa ameshasema, kwa upole lakini bila kupepesa: siku macho yakikushinda, Mama, utakuja kukaa kwangu, na hapo hatutajadiliana. Nurjehan hakuwa na ugomvi na Calgary. Ila hapa ndipo palipokuwa na jamatkhana yake ya kusalia, na wale vikongwe wenzake watatu waliomwita Nuru tangu shuleni Mwanza. Hapa ndipo kilipokuwa kiti cha Bahadur. Na hapa ndipo palipokuwa na kiota.

"Kule watanipa chumba kizuri," alisema. "Kila apitaye mlangoni ataniambia helo. Helo, helo. Siku ya tatu nitakufa kwa helo."

Godelive alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Ndivyo alivyocheka siku zote, kama mtu anayeiba.

Basi wakaipanga nyumba. Kopo la sukari likafungwa mpira mmoja, la chumvi mipira miwili. Kitufe cha jiko kikadondoshewa tone la rangi ya kucha ili kidole kikitambue. Nadim alipopiga simu ya video, Godelive aliiegemeza simu kwenye glasi ileile, mahali palepale, kisha akasimama nyuma yake na kunong'ona, "Kushoto kidogo, Bibi. Hapo hapo." Nurjehan akatabasamia mahali alipoambiwa.

Kazi kubwa ilikuwa ndege.

Chini bondeni kulikuwa na uwanja wa kriketi, na juu ya mlingoti mmoja wa taa za uwanja ule furukombe wawili walikuwa wamejenga kiota, rundo la matawi, nyasi na vipande vya kamba ya plastiki, pana kama meza ya chakula. Walikuwa ndege wanaokula samaki, weupe kifuani, wenye mstari mweusi unaopita jichoni kama wanja uliochorwa kwa haraka. Kila mwaka waliondoka kwenda kusini kabla ya baridi, na kila Aprili walirudi kwenye mlingoti uleule. Tangu Bahadur afariki, miaka sita, Nurjehan aliandika habari zao katika daftari. Nadim alijua. Kila jioni aliuliza, "Ndege wanasemaje, Mama?" Mwanzo aliuliza kwa adabu tu. Baadaye, Nurjehan aligundua, lile swali lilikuwa kipimo. Mama anayeweza kukwambia kwamba baba ndege amerudi na samaki ambaye mkia wake ulikuwa bado unapigapiga, huyo ni mama mwenye macho.

Kwa hiyo Godelive alisimama balkoni na darubini akaangalia, Nurjehan akauliza, na jioni akamwelezea Nadim kana kwamba ameona mwenyewe. Daftari nalo likahamia mikononi mwa Godelive. Hapo ndipo alipotaka ardhi ipasuke. Alikuwa ameachia darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na kila neno ilibidi alitamke kwanza kwa midomo ndipo aliandike. Nurjehan alimsikia akitamka. Siku ya tatu alisema tu, "Usiharakishe. Mimi siwezi kukusahihisha."

Lakini katika kuangalia hakumwonea huruma.

"Wamekula, Bibi."

"Wamekula ni nini? Hata mimi kipofu naweza kusema wamekula. Nani ameanza? Nani amesukumwa? Mama yao amekula nini?"

"Mama hajala. Amewachania wao tu."

"Ehee! Hayo ndiyo maneno."

Juni makinda yakaanguliwa, matatu. Bibi akawaita Mosi, Pili na Tatu, kwa zamu ya kutoka yaini; alisema majina mengine yangewachanganya wote wawili. Tatu alichelewa siku tatu, akawa mdogo nusu ya kaka zake, lakini mkorofi. Walipomsukuma alirudi kwa kupitia chini ya tumbo la mama, akatokeza kichwa mbele ya samaki. Nurjehan alipoambiwa habari hiyo alicheka hadi akakohoa. Kuanzia siku ile, kabla Godelive hajamaliza kuvua viatu asubuhi, swali lilikuwa moja. "Na Tatu?"

Wiki ya pili ya Julai ikaja mvua. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika, mto ukafurika, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Katika maji ya namna ile furukombe haoni samaki. Baba alirudi makucha matupu, akakaa kwenye mlingoti wa taa ameloa, akaondoka tena, akarudi vilevile. Siku ya pili alileta kisamaki kidogo kama kiganja. Mosi alikula, Pili akanyakua kilichobaki. Tatu alifungua mdomo, akaufunga.

Jumanne asubuhi mvua ilikatika. Godelive aliweka darubini machoni. Mama alikuwa ametandaza bawa juu ya Tatu. Godelive alisubiri. Alisubiri hadi mikono ikachoka, akaegemeza viwiko kwenye chuma cha balkoni. Karibu saa sita mchana mama aliinuka, akakanyaga mgongo wa Tatu kama anavyokanyaga tawi, akaenda upande wa pili kuwapokelea wale wawili samaki.

"Na Tatu?" Nurjehan aliuliza kutoka ndani.

Godelive alikuwa na miaka tisa mdogo wake Brice alipokufa kwa homa katika zahanati ya kambi. Mama yao alikuwa mbali, amekwenda kuvuna mahindi ya watu. Wazee walikaa, wakapanga. Mtu wa kwanza alitumwa kumwambia: mtoto anaumwa kidogo, rudi. Wa pili alimkuta njiani: mtoto amezidiwa. Wa tatu alimpokea kwenye kona ya mwisho, akamshika mkono, wala hakusema kitu, na mama alipoona wanawake wamekaa chini nje ya nyumba alikuwa ameshajua. Miaka baadaye mama alikuwa akisema, wale walinibeba. Wangeniambia lote kwa mara moja ningeanguka palepale shambani. Kwao ndivyo kifo kinavyopelekwa. Kinakatwa vipande, na mwenye msiba hupewa kimoja kimoja.

"Tatu leo hajachangamka, Bibi," Godelive alisema.

"Ni mvua hiyo. Kesho atachangamka."

Godelive akachukua daftari. Hakuweza kuandika uongo, maana kuandika kwake kulikuwa kazi nzito isiyofaa kupotezwa kwa maneno ya bure. Akatamka kwa midomo bila sauti, akaandika: *Jumanne. Tatu amekufa saa sita. Bibi bado kuambiwa.*

Jumatano ilikuwa zamu ya kipande cha pili. Alijiandaa kwenye basi njia nzima: amezidiwa, Bibi, amezidiwa. Lakini Nurjehan alimfungulia mlango mwenyewe, amevaa gauni lake la bluu, na kabla ya salamu akasema, "Nimemuota. Nimeota amekula samaki mzima peke yake. Niambie amekula!"

"Amekula kidogo," Godelive alisema.

Yalimtoka tu. Alipoyasikia alijua ameharibu. Habari ya kifo huenda mbele, hairudi nyuma. Jioni Nurjehan alimwambia Nadim kwamba yule mdogo amepona, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Alhamisi Godelive alijaribu kuanza upya, akasema Tatu amelala sana. Bibi akasema mtoto akitoka kwenye ugonjwa hulala.

Ijumaa, saa nne asubuhi, kengele ya chini ikalia. Godelive akabonyeza.

"Mimi Nadim," sauti ilisema. "Niko chini. Mshangao!"

Nurjehan aliweka kikombe mezani taratibu, akapapasa mezani hadi akakipata tena. Kisha akajikaza. "Hakuna neno. Mlete moja kwa moja balkoni. Nitamwonyesha watoto wangu, na akitoka hapo hana la kuuliza. Haraka, niambie. Wamekaaje?"

"Mosi yuko ukingoni, anapigapiga mabawa. Pili yuko nyuma yake. Mama yuko juu ya taa."

"Na Tatu?"

Lifti ilikuwa inapanda. Godelive alisikia mlango wake ukifunguka kwenye korido. Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu.

"Amelala pembeni," alisema. "Hali yake si nzuri, Bibi. Hali yake mbaya kabisa."

"Pembeni upande gani?"

Mlango ukagongwa.

Nadim alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mvi za kupendeza na begi moja dogo. Aliondoka Mwanza akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake kilibaki na umri huo. Alimkumbatia mama yake, akamwambia Godelive, "Asante dada, wewe dada mzuri," halafu akarudi kwenye Kiingereza. Nurjehan alimshika mkono, akamwongoza balkoni kwa hatua za mtu anayejua nyumba yake. Akampa darubini.

"Haya, angalia. Yule anayejifanya bingwa, ukingoni, ni Mosi. Nyuma yake Pili, mwoga. Mama yao juu ya taa. Na yule mdogo amelala pembeni, maskini. Anaumwa."

Nadim aliangalia. Alirekebisha darubini, akaangalia tena.

"Naona wawili, Mama."

"Angalia pembeni."

"Nimeangalia. Kuna matawi tu. Wako wawili."

"Nadim, umezeeka? Pembeni pale, kushoto. Mimi namwona hapa bila hata darubini!"

Godelive alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alimwona Nadim akishusha darubini. Alimwona akimtazama mama yake, muda mrefu, kisha akiinua mkono wake wazi na kuuweka mbele ya uso wa yule mama, karibu, bila kugusa. Nurjehan aliendelea kutabasamia kiota.

"Ndege ngapi, dada?" Nadim aliuliza kwa Kiswahili, bila kugeuka.

Godelive akaiweka sinia chini.

"Wawili," Godelive alisema. "Tatu amekufa Jumanne."

Tabasamu la Nurjehan halikutoka mara moja. Lilikaa, kama mtu asiyeambiwa kwamba wageni wameshaondoka.

"Jumanne," alisema. "Leo Ijumaa. Jumatano umeniambia amekula."

"Bibi, nilitaka..."

"Najua ulitaka nini. Njia hiyo naijua. Bahadur alipokufa hospitali waliniambia amepumzika. Nilimpikia supu ya kuku. Nikaibeba kwenye themosi, nikapanda nayo teksi, nikaingia nayo wodini, manesi wananitazama. Supu, Godelive! Kwa maiti." Sauti haikupanda. "Na wewe umenibebesha tena."

Alipapasa ukuta. Nadim alitaka kumshika, mama akausukuma mkono wake. Aliingia ndani peke yake, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akagonga goti kwenye kiti cha Bahadur.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Nadim hakupiga kelele, na Godelive aliona bora angepiga. Alihesabu mipira kwenye makopo, akagusa lile tone la rangi kwenye jiko, akakaa chini na kushika kichwa. Kisha akafungua kompyuta kutafuta tiketi. Mwisho wa Agosti. Mchana Nurjehan alisema kutoka chumbani, mlango umefungwa, "Mwambie kesho asije."

Kampuni ikampeleka Godelive kwa mzee mwingine, upande wa pili wa Thorncliffe Park, mtu wa televisheni asiyeuliza kitu. Alifanya kazi yake. Lakini kila jioni badala ya kwenda nyumbani kwa shangazi yake aliteremka bondeni, akakaa kwenye mteremko wa nyasi pembeni ya uwanja, akatazama juu. Bila darubini makinda yalikuwa vichwa viwili tu dhidi ya anga. Hata hivyo aliona. Alijua nani ameanza na nani amesukumwa. Hakuwa na mtu wa kumwambia, na mambo aliyoyaona yalimjaa kifuani kama hewa asiyoweza kuitoa.

Jumamosi ya mwisho ya Julai kulikuwa na mechi. Wanaume waliovaa meupe walikuwa wametapakaa uwanjani, na nahodha wao, bwana mmoja mwenye kitambi, alikuwa akiwafokea kwa Kiurdu. Godelive alikaa mahali pake. Upepo ulitoka ziwani. Mosi alisimama ukingoni, akapiga mabawa kama alivyofanya kila siku, na safari hii miguu ikaachia.

Godelive alisimama bila kujua. Mosi alizunguka uwanja mzima, akatua kwenye mlingoti wa pili kwa kishindo, akayumba, akashika.

Simu ilikuwa tayari mkononi. Iliita mara sita.

"Nani?"

"Godelive, Bibi." Hakuondoa macho mlingotini. "Mosi ameruka."

Alisikia pumzi upande wa pili, na nyuma yake kelele za wachezaji, zilezile alizozisikia yeye. Bibi alikuwa balkoni.

"Umeona mwenyewe, au unanipoza?"

"Nimeona. Amezunguka mara moja. Ametua vibaya, kwenye mlingoti wa upande wa mto."

"Nadim amenisomea daftari," Nurjehan alisema. "Ametaabika. Anasema mwandiko wako kama kuku amekanyaga majivu. Akafika kwenye ile Jumanne. 'Bibi bado kuambiwa.' Nimemfanya asome mara mbili. Sasa mtoto gani anaandika hivyo? Unaniandikia mimi kwamba mimi sijaambiwa, na mimi ndiye nisiyeweza kusoma!"

"Nisamehe, Bibi."

"Tarehe thelathini Agosti tunaondoka. Tiketi imekatwa, hilo halibadiliki, usidhani nikikusamehe nitabaki. Pili yuko wapi?"

"Ukingoni. Amemwona mwenzake. Anapiga mabawa." Godelive akaweka kiganja juu ya macho. "Bibi, ameruka. Ameruka! Lakini hapandi. Upepo unamsukuma. Anashuka. Anashuka, anapita juu ya watu..."

"Usinyamaze."

"Ameanguka. Yuko kwenye nyasi, katikati ya uwanja."

Mrushaji alikuwa ameshaanza mbio zake, mpira mkononi, na hakuna aliyetazama nyuma. Kinda lilikuwa limelala hatua ishirini kutoka kwa mpigaji, mahali mpira unapoweza kupita kama risasi. Godelive alikuwa mtu anayeshuka basi kituo kinachofuata kwa kuona haya kumwambia dereva afungue mlango. Aliingia uwanjani anakimbia, mkono juu.

"Simameni!" alipiga kelele. "Simameni nyote! Msisogee!"

Hakuna aliyejua Kiswahili pale. Wote walisimama. Mrushaji alibaki na mguu mmoja mbele, na mpira ukamdondoka.

"Nimekusikia," Nurjehan alisema kwenye simu. "Nimekusikia kwa simu na nimekusikia kwa balkoni. Kumbe una sauti! Haya, mtoto?"

Godelive alichuchumaa, si karibu sana. Pili alimgeukia. Jicho lake lilikuwa la rangi ya chungwa, na mdomo wazi. Juu yao mama furukombe alikuwa akizunguka na kulia, mlio mwembamba wa kukatikakatika.

"Anapumua," Godelive alisema. "Bawa la kushoto amelikunja. La kulia limelala kwenye nyasi, hajalikunja."

"Limevunjika?"

Nahodha mwenye kitambi alikuwa amefika, ameshika kofia kifuani, akauliza kitu kwa Kiingereza. Godelive alimwinulia kidole: ngoja. Yule bwana akangoja.

"Sijui, Bibi."

"Basi kaa hapo. Usikate."

"Sikati."

Wachezaji walikuja mmoja mmoja, wakasimama kwa duara pana. Godelive hakuwatazama. Alitazama lile bawa, manyoya yake ya kahawia yenye ncha nyeupe kama yamechovywa kwenye chokaa.

"Limesogea," alisema. Akainama, akatazama tena, akasubiri hadi akawa na hakika. "Hapana. Ni upepo, Bibi. Samahani. Ulikuwa upepo."

"Ndiyo," alisema Nurjehan. "Endelea."